Wimbo Nilioubadilisha kwa Kalamu Yangu

Eldoret, jioni ya kuamkia safari yako

Nyambura,

Shangazi yako amekwisha kukuambia uchemshe maji ya kunywa, ushone kitambulisho ndani ya sketi na usile chakula cha watu usiowajua. Guka naye, baba yangu, amekuombea mpaka uji ukapoa mezani. Upande huo sina la kuongeza. Una miaka kumi na tisa, unajua kufua na unajua kumkataa mtu. Sasa umetoka kwenda kuagana na wenzako wa kwaya, nami nimekaa na kalamu, kwa sababu haya nikianza kuyasema kwa mdomo utanikatiza uniambie, "Mami, tulishaongea hayo." Hatujayaongea. Tumeyazunguka tu.

Kesho unakwenda India kujifunza kutengeneza filamu. Najua watu wanakuuliza kama hukuona mama yako alivyoishia. Mimi pia wananiuliza, tena mbele ya kanisa. Basi acha nikuambie mwenyewe nilivyoanza na nilivyoishia. Na nikujulishe mapema: hii si barua ya mwanamke anayejuta kuimba. Ninayoyajutia ni mengine.

Nilianza na mashairi, juu ya magunia ya viazi. Duka la guka wako pale Burnt Forest lilikuwa na dirisha moja, na mwanga wake uliangukia kwenye magunia, kwa hiyo hapo ndipo nilipokaa na daftari langu. Nyumbani tuliongea Kikuyu, majirani waliongea Kikalenjin, na mtu alipokuja kutaka chumvi au kiberiti sote tuliongea Kiswahili, kile chetu cha kuvunjavunja. Kisha mwalimu akatufundisha vina na mizani. Nilishangaa kwamba maneno yale yale ya kuombea chumvi yanaweza kupangwa nane kwa nane yakasimama kama ukuta. Nikawa nahesabu silabi kwa vidole huku napima viazi. Guka akaniuliza siku moja, "Wewe unahesabu nini, na mteja ameshaenda?"

Nilianza kutuma mashairi redioni. Nilitia sahihi T. Karanja. Alasiri moja, duka likiwa na watu watatu wanaongojea mvua ikatike, msomaji wa redio akasema, "Shairi hili limetungwa na Bwana T. Karanja wa Burnt Forest." Mzee mmoja akamgeukia guka. "Karanja, kumbe uko na kijana mshairi?"

Guka alinitazama. Nilimtazama. Nilitaka aseme, ni huyu binti yangu hapa.

"Ndiyo," akasema, "niko naye."

Alikuwa anaogopa kuchekwa, na nilimwelewa. Lakini mimi ndiye niliyeendelea kuandika T. Karanja kwa miaka minne baada ya siku ile, kwa sababu mashairi ya Bwana yalisomwa, na sikutaka kujua kama ya Tabitha yangesomwa. Hakuna aliyenilazimisha. Nilijificha mwenyewe, nikaona nimekuwa mjanja.

Halafu ukazaliwa wewe. Baba yako aliondoka kabla hujaota meno, nami nikakupa jina la mama yangu, ndiyo maana mpaka leo nikikugombeza naona aibu kidogo, kana kwamba namgombeza yeye. Nilikuacha kwa guka nikaja hapa Eldoret kuwa karani wa kupiga chapa katika kiwanda cha nguo. Pale ndipo nilipokutana na Kiprono, fundi wa stima wa kiwanda, kijana wa upande wa Plateau ambaye alikuwa haongei sana. Saa ya chakula alikaa nyuma ya stoo na gitaa. Siku moja nilimsomea shairi ili anyamaze kidogo. Hakunyamaza. Alipiga chini ya maneno yangu, taratibu, na nilipofika mwisho akasema, "Soma tena, lakini usisome. Piga kelele."

Tulimpata Musa, dereva wa lori la maziwa, akapiga ngoma. Tukajiita Mvua ya Mawe, kwa sababu hapa kwetu kila mtu anajua ile mvua inavyoshuka juu ya mabati, hata mtu akikuita hasikiki. Muziki wetu ulikuwa roki. Watu walitaka rumba, walitaka nyimbo za kucheza polepole wakiwa wameshikana viuno, sisi tukawapa gitaa linalonguruma kama trekta kwenye mlima. Kiprono alichana karatasi ya spika kwa wembe ili sauti iparuze. Niliona uchungu, ilikuwa spika nzuri. Akanicheka. Tulipiga bugi, dansi ya vijana ya Jumapili alasiri, katika ukumbi wa hoteli moja mjini, vijana wanatoka kanisani wanaingia kwetu na Biblia mikononi, na wachungaji wakatutaja kwenye mahubiri mpaka ukumbi ukashindwa kuwatosha watu.

Wewe ulikuwa na miaka minane ulipougua nimonia. Guka alikupeleka hospitali ya misheni kule Plateau, akatuma mtu aje kuniita. Ilikuwa Jumapili asubuhi. Nilihesabu saa nikaona naweza kuimba kwanza ndipo nije. Niliimba. Nilifika jioni, umefungwa shuka hadi shingoni, ukaniuliza kwa nini nimechelewa, nikakuambia gari liliharibika njiani. Halikuharibika, Nyambura. Nilikuwa naimba. Nimebeba uongo huo miaka kumi na moja, na kila ulipowasimulia watu kuhusu lile gari nilitoka nje. Kama siku ile ningesema nilikuwa kazini, ungelia, kisha ungejua kwamba mama yako ana kazi. Badala yake nilikufundisha kwamba ninachokipenda ni kitu cha kusingizia magari.

Wimbo uliotupa jina ulikuwa ule wa kiatu. Umeusikia vipande vipande. Ulianza hivi:

Kiatu nilichopewa, kinabana kidoleni,
Nikilia naambiwa, shukuru Mola mbinguni,
Mguu ni wangu mie, wewe wausemeani?

Na ukumbi mzima ulijibu neno moja tu: Kinabana. Kiprono aliliacha gitaa kimya pale, ili neno lisikike peke yake. Siku za kwanza walilijibu wakicheka. Baadaye hawakucheka tena.

Ndipo akaja kiongozi mmoja wa chama. Nasema chama, na unajua ni kimoja, hakikuhitaji jina. Alikuja mchana, amevaa suti ya kijivu, akatuagizia soda sote.

"Mama," akaniambia, "hii wimbo ni nzuri. Shida yake ni haina shukrani."

"Ni wimbo wa kiatu tu, mzee."

"Wacha kunicheza. Kila mtu anajua ni kiatu gani." Akanywa soda yake. "Kuna mkutano mkubwa uwanjani mwezi ujao. Mtaimba. Lakini mtengeneze maneno kidogo. Na wewe nasikia unaandika vizuri. Kule kwa televisheni wanatafuta watu wa kuandika michezo."

Hakunitisha, na hilo ndilo ninalotaka ulijue. Hakukuwa na bunduki wala pingu mezani, kulikuwa na soda. Alinipa siku mbili, nikamaliza kwa dakika ishirini. Nilikaa kwenye mashine ya kupiga chapa ya kiwanda nikaandika:

Kiatu nilichopewa, kimekaa mguuni,
Nyayo nilizoachiwa, nafuata kwa yakini.

Nyayo ndilo lilikuwa neno la chama. Hesabu uone. Vina vimekaa, mizani imetimia. Nilidhani shairi lingekataa, lingechechemea mahali fulani watu wajue. Halikukataa. Uongo unaweza kutimia mizani vizuri kabisa.

Kiprono alisoma ile karatasi akiwa amesimama.

"Hii umeandika wewe?"

"Nimeandika mimi."

"Wewe mwenyewe? Hawakukuletea?"

"Kiprono, ni mkutano mmoja tu. Baadaye tunarudi kwa ule wetu."

"Mimi sipigi hii," akasema. Akaweka gitaa ndani ya sanduku lake, akafunga vifungo viwili, akaenda. Afadhali angenitukana. Musa alibaki, ana watoto sita, na sijawahi kumlaumu.

Uwanjani nilipewa kwaya ya watoto wa shule nyuma yangu na vipaza sauti vikubwa kuliko vyote nilivyowahi kuviimbia. Nilipofika mahali pa kujibu, kutoka nyuma kabisa, kule wanakosimama vijana, nikasikia neno la zamani. Kinabana. Si kwa kelele. Walilisema chini chini kama watu wanaoitikia sala. Mstari wa pili, wakarudia. Wale watu walikuwa wanaulinda wimbo wangu, na mimi nikasogeza maikrofoni mdomoni nikapandisha sauti ili niwazime. Nikawazima. Nilikuwa na sauti kubwa siku hizo.

Nimefanya makosa mengine maishani, lakini hilo ndilo ambalo likinijia nikiwa nasonga ugali naacha mwiko.

Kazi ya televisheni niliipata kweli. Nilikurudisha kwangu, ukaanza kusoma hapa mjini, na kwa miaka mingi uliniona nikiandika michezo asubuhi na kuipeleka Nairobi kila mwisho wa mwezi. Sitaitukana kazi hiyo, ilinifundisha mengi. Ilinifundisha kwamba ushairi na filamu ni ndugu: vyote viwili vinaishi kwa yale usiyoyasema. Mtu akinyamaza kwenye skrini, mtazamaji anamsogelea. Nilijifunza kumpa mhusika kikombe cha kuosha badala ya hotuba. Lakini nilijifunza na jambo jingine. Mwaka wa kwanza mhariri alikuwa anakata mistari yangu kwa kalamu nyekundu. Mwaka wa tatu alikuwa ananipongeza, hana cha kukata. Nilikuwa nimeshakata mwenyewe kabla sijaandika. Nikawa nasifiwa kwa usafi wa kurasa zangu.

Kilichoniamsha ni guka wako, na unakumbuka, kwa sababu ulikuwa likizo, tuko kwake Burnt Forest. Ni ile siku ya kupiga kura kwa mlolongo, watu wanasimama nyuma ya mgombea wao, wanahesabiwa. Guka aliondoka alfajiri amevaa kofia yake nzuri. Alirudi saa tisa, akakaa dukani bila kuivua.

"Tabitha," akaniambia, "nimesimama kwa mstari mrefu tangu asubuhi. Ulitoka kwa mlango wa shule ukafika barabarani. Ule mwingine ulikuwa watu kama wa mazishi ya maskini. Halafu wakasema wetu ndio mfupi. Mimi nimepima viazi miaka arobaini. Sihitaji mtu aniambie gani ni nyingi na gani ni kidogo."

Nilikuwa sijawahi kumsikia akisema jambo la siasa. Yeye aliyeogopa watu watatu dukani alikuwa anayasema haya kwa sauti, na hakujali nani anasikia.

Niliandika filamu ya siku hiyo kwa wiki sita. Niliiita Mstari Mfupi. Ni mzee mmoja na kofia yake, kutoka alfajiri hadi saa tisa, na anaongea mara nne tu. Ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na nasema hivyo bila haya. Mhariri aliisoma mlango umefungwa.

"Tabitha, unaweza kuifanya kichekesho? Iwe nchi ya wanyama. Sungura, fisi, hivyo."

"Baba yangu si sungura."

"Unaelewa nakusaidia?"

"Naelewa."

"Basi kata kidogo. Wewe unajua pa kukata, umefanya miaka yote hii."

Nikamwambia kalamu nyekundu ni yake. Akitaka kukata akate yeye, kwa mkono wake, aweke jina lake pembeni. Hakutaka. Watu wa namna hiyo hawataki kamwe, mwanangu. Wanataka ukate wewe, ili kesho waseme hawakukugusa. Hili ndilo nililochelewa kulijua, na ningependa wewe ulijue ukiwa kijana. Watakunyima pesa, watakufungia milango, pengine watachukua filamu yako waifiche chini ya kabati. Wafanye. Kazi yao hiyo isifanywe na mkono wako.

Baada ya hapo waliokuja nyumbani walikuwa askari kanzu wawili, wenye makoti. Siku ile ulikuwa umetoka kupiga deki. Mimi nilikuwa nimesimama pale, nikasikia sauti yako: "Panguseni viatu kwanza. Sakafu ni mbichi." Wakatazamana. Wakapangusa. Walichukua mashine ya kupiga chapa, wakachukua nakala zote tatu, wakanichukua na mimi, lakini walipangusa viatu. Katika zile siku nne nilizokaa huko mahabusu niliulizwa swali moja tu, asubuhi na jioni: nani alikutuma? Sikuwa jasiri. Nililia, nikaomba blanketi. Lakini jibu sikuwa na jingine, na kila nilipolisema nilizidi kulipenda. Nimejituma. Hawakuweza kuamini kwamba mwanamke wa Burnt Forest anaweza kujituma mwenyewe.

Niliporudi sikuwa na kazi wala mashine. Nilinunua madaftari, nikaiandika filamu yote upya kwa kalamu, kwa kumbukumbu. Ilichukua miezi mitatu. Iko kamili. Mzee bado anaongea mara nne, ila mara ya tatu nimempa maneno mazuri zaidi.

Na nilipomaliza nilikwenda Plateau kumtafuta Kiprono. Hili sijakuambia. Ana kibanda cha kutengeneza redio karibu na soko. Ndevu zimeingia mvi. Alikuwa anachomelea waya, akamaliza kwanza, ndipo akainua macho.

"Miaka tisa," akasema.

"Tisa. Nimekuja kusema nilikosa."

"Ulikosa wapi?"

Nilianza kueleza kuhusu karatasi, kuhusu kubadilisha maneno. Akatikisa kichwa.

"Hapana. Maneno watu wengi walibadilisha. Wewe ulipandisha sauti. Nilikuwa huko nyuma, Tabitha. Mimi ndiye nilianzisha."

Nilisimama pale na mkoba wangu. Mteja akaja, akachukua redio yake, akaenda. Kiprono akavuta kiti.

"Kusamehe sijui," akasema. "Bado nafikiria. Lakini ule wimbo haukukosa kitu. Kaa."

Akatoa gitaa kwenye lile sanduku. Niliimba nikiwa nimekaa, sauti imekuwa nzito, haipandi tena ilikokuwa ikipanda. Watu wa soko wakasogea mlangoni. Wakajibu, Nyambura. Hata wanawake wa mboga, ambao wakati ule walikuwa wasichana wa bugi. Kwa hiyo zile Jumapili zote ambazo nimekuambia nakwenda kumwona mgonjwa Plateau, ujue sasa: mgonjwa hayuko. Naenda kuimba. Chifu ametuma ujumbe mara mbili kwamba tunakusanyika bila kibali. Kiprono alimjibu kwamba anajaribu redio. Jumapili hii tutakuwepo tena, mlango wazi, na wimbo ni ule wa kwanza, neno kwa neno.

Niombe radhi kwa jambo moja la mwisho. Ulipokuwa unajaza fomu ya pasipoti palikuwa na mahali pa kuandika kazi ya mzazi. Ukaniuliza, "Mami, niandike nini?" Nikakujibu haraka, "Andika mama wa nyumbani." Niliogopa jina langu lingekufungia safari. Uliandika bila kuinua macho, kwa hati nzuri, na nilikuona umezoea. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba ulikuwa umezoea. Kama ningekuwa pale tena sijui ningefanya nini, kwa sababu nilitaka uende, na bado nataka. Lakini pasipoti sasa iko ndani ya mkoba wako, imepigwa mihuri yote, na hakuna mtu wa hapa atakayeisoma fomu utakayojaza huko chuoni.

Watakuuliza tena, maana wanauliza kila mahali. Usipunguze sauti na usitafute neno la adabu. Andika kwamba mama yako ni mtunga mashairi, mwimbaji wa roki na mwandishi wa filamu. Nafasi ikiwa ndogo, usikate hata neno moja. Endelea pembeni mwa karatasi.

Mama yako,
Tabitha